Njia Nne za Kaseti na Magitaa ya Tabora

Kwa muda sasa nimekuwa nikirekodi nyimbo za magitaa kwa mashine ya kaseti yenye njia nne, yaani mistari minne ya utepe ambayo kila mmoja hubeba sauti yake, Tascam Portastudio 244, katika chumba kimoja cha nyumba yetu hapa Isevya, Tabora, na nimefikia msimamo ambao ningependa kuueleza kwa urefu. Msimamo wenyewe ni kwamba kwa muziki wa dansi uliokuzwa na bendi za mji huu, muziki ambao magitaa matatu au manne hujibizana huku kila moja likiwa na kazi yake, mashine hii bado ni chombo cha kazi, na inastahili kukaa mezani kando ya kompyuta. Wengi huisifu kaseti kwa utamu wa sauti yake, na utamu huo upo. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Mashine hii inamtaka anayerekodi aupange wimbo kwa namna ileile ambayo wapigaji wenyewe huupanga, na maamuzi makubwa ya wimbo hufanywa wao wakiwa bado chumbani.

Kaseti tunayoifahamu ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na utepe wake una upana usiofika milimita 4. Kaseti ya stirio huugawa upana huo katika njia nne: mbili za upande wa kwanza, kushoto na kulia, na mbili za upande wa pili, ambazo husomwa kaseti inapogeuzwa. Kampuni ya Teac ya Japani, mwenye jina la Tascam, ilipoleta Portastudio 144 mwaka 1979, ilizitumia njia zote nne kwa mwelekeo mmoja, kila moja ikibeba sauti yake, na ikaongeza kasi ya utepe maradufu, kutoka takriban sentimita 4.76 kwa sekunde hadi sentimita 9.5. Ndiyo maana kaseti iliyorekodiwa kwa mashine hizi haigeuzwi. Ukiipiga kwenye redio kaseti ya kawaida utasikia njia mbili zikienda polepole kwa sauti nzito, na ukiigeuza utasikia zile nyingine mbili zikienda kinyumenyume. Portastudio 244 ilifuata mwaka 1982, ikiwa na uwezo wa kurekodi njia zote nne kwa wakati mmoja na mfumo wa dbx wa kupunguza mchakacho wa utepe. Fostex nao walitoa X-15 mwaka 1983, mashine ndogo inayoweza kutumia betri, ingawa hurekodi njia mbili tu kwa mpigo.

Jambo lililowezesha yote haya ni hedi, kile kipande cha sumaku ambacho utepe hupita juu yake, ambayo ni moja kwa kurekodi na kusoma. Njia iliyokwisha rekodiwa husomwa na hedi ileile ambayo wakati huohuo inaandika njia nyingine, kwa hiyo gitaa linalopigwa leo hukaa sawasawa juu ya lile lililopigwa jana, bila kuchelewa hata kidogo.

Hapa Tabora magitaa yana historia ndefu. Kiko Kids iliyoongozwa na Salum Zahoro, Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, pamoja na Nyanyembe Jazz, ziliupa mji huu jina ambalo wapenzi wa zilipendwa wanalitaja hadi leo. Enzi hizo bendi iliyotaka kurekodi iliitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa bendi za mikoani hiyo ilikuwa safari ndefu. Studioni bendi nzima ilipiga kwa pamoja, maikrofoni zikiwa chache, na sauti ikaenda moja kwa moja kwenye utepe. Mahali alipokaa mpigaji kuelekea maikrofoni palikuwa sehemu ya upangaji wa sauti, na waliobaki walipaswa kujua wenyewe lini wapande na lini washuke. Anayesikiliza kazi za wakati huo kwa makini atagundua kwamba hakuna gitaa linalomkanyaga mwenzake: ridhimu inaposhikilia mwendo, solo ya pili hupita katika mianya yake, na solo kubwa husubiri mwimbaji amalize ndipo iingie.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyepiga gitaa la ridhimu katika bendi za dansi kwa miaka mingi, ndiye aliyenifanya nilitafakari jambo hili. Studio za kisasa zimemchosha. Huko hutakiwa kuvaa hedifoni na kupiga peke yake akifuata mlio wa mashine unaohesabu mapigo, kisha kipande chake cha sekunde chache hukatwa na kurudiwa na kompyuta hadi mwisho wa wimbo, ilhali yeye katika ubeti wa tatu angekuwa ameshabadilisha mkono. Alipoketi mbele ya mashine ya kaseti kwa mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, mimi nakaa njia ya ngapi, na jirani yangu ni nani?" Nikamjibu, "Mzee wangu, wewe uko ya pili. Besi yuko ya kwanza, tumba ya tatu." Alitikisa kichwa kukubali na kuanza kupandisha nyuzi zake.

Swali lile lilikuwa la kiufundi kuliko linavyosikika, kwa sababu ujirani katika utepe wa kaseti ni jambo halisi. Njia nne zinapobanwa katika utepe mwembamba kiasi kile, sauti ya njia moja huvuja kidogo na kusikika katika njia ya pembeni yake, na sauti nzito huvuja zaidi kuliko sauti nyembamba. Kingo za utepe nazo ndizo zinazochakaa mapema, na zinapochakaa hupoteza kwanza sauti kali, yaani zile za juu. Kutokana na hayo mawili nimejiwekea utaratibu ambao sasa nauamini. Kwanza besi, ridhimu na tumba hupigwa kwa pamoja, wapigaji watatu wakitazamana, kila mmoja na njia yake: besi ya kwanza, ridhimu ya pili, tumba ya tatu. Besi inakaa ukingoni ambapo ina jirani mmoja tu, na kwa kuwa haina sauti kali nyingi, uchakavu wa ukingo hauidhuru sana. Jirani wake ni ridhimu inayopiga karibu muda wote, hivyo kile kidogo kinachovuja humezwa.

Baada ya hapo ndipo inapofika hatua ambayo kwangu ndiyo moyo wa kazi nzima. Njia hizo tatu huchanganywa na kuhamishiwa zote katika njia ya nne, na zikishafika huko salama, njia tatu za mwanzo huwa huru kupokea sauti nyingine. Mchanganyiko ukishahamishwa na njia za mwanzo zikarekodiwa juu, hakuna kurudi nyuma. Besi ikiwa kubwa kuliko inavyopaswa, itabaki kubwa. Tumba ikifunikwa, imefunikwa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi tunasikiliza kwanza kwenye spika, kisha kwenye redio ndogo, na mara nyingine tunatoka nje na kusikiliza tukiwa uani, kwa kuwa muziki wa dansi aghalabu husikilizwa kutoka mbali kidogo. Wanaoamua ni waliopiga. Mpigaji wa besi atasema kwamba noti zake za chini zinapotea, mzee atataka tumba ipungue katika ubeti na irudi kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, na mimi nitaisogeza mikono yangu kwenye mikseri wakati utepe ukienda, nikifuata walichokubaliana. Katika kompyuta uamuzi huu huahirishwa, na kwa uzoefu wangu uamuzi ulioahirishwa huishia mikononi mwa mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupiga. Nimeona nyimbo nzuri zikiharibika kwa njia hiyo, ridhimu ikashushwa hadi ikawa kama pambo tu, na ridhimu katika muziki wetu si pambo.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia wakati wa kuhamisha. La kwanza ni kwamba njia ya tatu na ya nne ni majirani, na unapoisoma ya tatu huku ukiiandikia ya nne, sauti inaweza kuzunguka na mashine ikapiga ukelele. Nairekodi tumba kwa kiwango cha kutosha tangu mwanzo ili nisilazimike kuipandisha sana wakati huo, na siongezi sauti kali katika njia hiyo. La pili ni kwamba kila sauti inapohamishwa hupoteza sehemu ya ukali wake, na mchakacho wa utepe huongezeka. Ndiyo sababu vitu vyenye sauti kali huachwa viingie baadaye. Manyanga, kwa mfano, hatuyarekodi pamoja na besi. Mpigaji husimama mbele ya maikrofoni na kuyapiga wakati uleule wa kuhamisha, na sauti yake huingia katika njia ya nne ikiwa mbichi, haijapita popote kabla. Utaratibu huu hutuongezea chombo kimoja bila kutugharimu njia yoyote.

Zinabaki njia tatu. Solo kubwa huingia ya tatu, karibu na msingi uliomo katika ya nne, na mvujo wa besi hausumbui kwa sababu vyote viwili vinakwenda pamoja. Solo ya pili huingia ya kwanza. Mwimbaji hukaa ya pili, katikati ya utepe, mbali na kingo na mbali na besi, kwa sababu sauti ya binadamu ndiyo inayosamehewa kidogo kuliko zote pale inapokatikakatika. Inawezekana kuendelea kuhamisha, na kwa kufuata hesabu inayojulikana kwa watumiaji wa mashine hizi mtu anaweza kufikisha sauti kumi katika njia nne, lakini binafsi naona uhamisho mmoja unatosha. Ukihitaji zaidi ya huo, pengine wimbo una vyombo vingi kuliko unavyohitaji.

Mlio wa kuhesabu mapigo hatuutumii. Nyimbo za dansi huanza kwa utulivu wa ubeti na kupanda taratibu hadi chemko, na kasi hupanda pamoja nao, kidogo sana, kiasi ambacho msikilizaji hukihisi mwilini bila kukitambua. Watatu wakipiga kwa pamoja mwanzoni, mpando huo unaingia kwenye utepe wenyewe, na kila anayefuata anaufuata.

Kuhusu kaseti zenyewe, natumia za dakika 60. Zikienda kwa kasi ya maradufu na kwa upande mmoja tu hutoa dakika 15, muda unaotosha nyimbo mbili ndefu pamoja na chemko zake. Za dakika 90 hutoa dakika 22 na nusu, lakini utepe wake ni mwembamba zaidi, na kwa kazi ya kurudisha nyuma na kusonga mbele mara nyingi, unene ni usalama. Za dakika 120 sizigusi kabisa. Muhimu zaidi ni aina ya utepe. Mashine kama 244 imepangwa kwa ajili ya utepe wa aina ya pili, ule unaoitwa kromu, na haibadilishi mpangilio wake ukiiwekea wa kawaida. Kaseti nyingi zilizobaki katika maduka na majumba yetu, zile za mawaidha, kwaya na taarabu, ni za aina ya kwanza. Njia rahisi ya kuzitofautisha, hata kama karatasi yake imepotea, ni kutazama mgongo wa kaseti: ya kromu ina mabonde mawili ya ziada kando ya vile vibanzi vya kuzuia kurekodi. Na kwa heshima ya waliorekodi, naomba mtu asichukue kaseti ya mawaidha au ya harusi ya familia na kuirekodi juu kabla ya kuuliza nyumbani kwamba kuna nakala nyingine.

Hali ya hewa ya Tabora inahitaji maelezo yake. Mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na chini ya paa la bati hakuna maikrofoni itakayoweza kushindana nazo, kwa hiyo kazi kubwa ya kurekodi hufanyika kiangazi. Kiangazi nacho kina vumbi, na vumbi ni adui wa mashine hii kuliko kitu kingine chochote. Utepe unapopita huacha ukoko wa kahawia kwenye hedi, kwenye mhimili wa chuma unaozunguka na kwenye gurudumu la mpira linaloubana utepe, na vumbi hujishika humo. Katika mashine yenye dbx madhara yake ni makubwa zaidi. Mfumo huo huibana nusu tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo wakati wa kurekodi, kisha huirudisha maradufu wakati wa kusoma; kwa hiyo uchafu ukipunguza sauti kwa desibeli 3 kwenye utepe, masikioni upungufu huo unakuwa wa desibeli 6. Sauti huanza kupanda na kushuka kana kwamba mtu anacheza na kitufe. Mtu anayedhani mashine yake imeharibika na aisafishe kwanza.

Nasafisha kabla ya kila kazi, na mashine hufunikwa kwa kitambaa kizito muda wote isipotumika. Kwa hedi na mhimili wa chuma natumia alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa pamba iliyosokotwa kwenye kijiti. Spiriti ya vidonda inayouzwa madukani haifai, kwa kuwa baadhi yake huchanganywa na mafuta, na nyingi zina maji mengi. Gurudumu la mpira nalipangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha naliacha likauke, maana alkoholi ikitumika mara kwa mara huukausha mpira hadi ukapasuka. Sehemu inayokufa kwanza katika mashine za umri huu ni beliti. Mpira wake hulegea, na katika baadhi ya mashine huyeyuka na kuwa kama lami nyeusi inayoshika kila kitu. Fundi redio mzuri anaweza kuibadilisha, na Tabora mafundi hao bado wapo, wale waliojifunza kazi kwenye redio kaseti. Kinachohitajika ni kuipima beliti ya zamani kwa usahihi, mzunguko wake, upana na unene, kabla ya kuagiza. Raba ya kufungia noti isitumike hata kwa majaribio, kwa sababu kasi itayumba na magitaa yatasikika yakiwa yametoka kwenye toni.

Umeme pia una mambo yake. Mashine nyingi zilizofika huku kwa mitumba zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, volti 100, au Marekani, volti 120, na ukizichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 zetu zitaungua papo hapo. Soma kibandiko cha nyuma, na utumie transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa kutosha. Wengine huogopa kwamba tofauti ya mzunguko wa umeme, hezi 50 hapa na 60 kule, itabadilisha kasi ya utepe. Haibadilishi, kwa kuwa mota za mashine hizi hutumia umeme wa DC, kama ule wa betri, unaodhibitiwa ndani. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, katika mashine zenye vitufe vya kubonyeza vya chuma hakikisha umebonyeza kitufe cha kusimamisha, kwani vinginevyo gurudumu la mpira litabaki limeubana utepe, na likikaa hivyo usiku kucha litapata bonde ambalo utalisikia kila linapozunguka.

Kompyuta inaingia mwishoni, na hapo sina ugomvi nayo hata kidogo. Njia zote nne hutolewa kwa pamoja kupitia matundu yake manne na kuingizwa kwenye kompyuta kwa kifaa chenye matundu manne ya kupokea. Ni lazima ziingie zote kwa mpigo mmoja. Ukiingiza mbili leo na mbili kesho hazitalingana, kwa sababu kasi ya mota haijirudii kwa usahihi huo, na baada ya dakika chache solo itakuwa imeachana na ridhimu. Tena inafaa kufanya hivyo mapema, kwa mashine ileile iliyorekodi. Kaseti hizi hazisomeki vilevile katika mashine nyingine, hata ya aina moja, kwa kuwa pembe ya hedi hutofautiana kidogo na mpangilio wa dbx pia, na tofauti hizo ndogo huondoa ukali wa magitaa. Mashine inayokufa leo huondoka na sehemu ya sauti ya kila kaseti iliyoirekodi. Baada ya kuhifadhi faili, navunja vibanzi vyote viwili vya mgongoni ili asitokee mtu wa kurekodi juu, na kaseti husimamishwa wima ndani ya kasha lake, mbali na spika na mbali na dirisha la jua la mchana.

Kazi tuliyonayo sasa ni nyimbo za yule mzee ambazo hazikuwahi kufika redioni, nyingine akizikumbuka ridhimu yake tu, na mpigaji wa solo anajaribu kuzijenga upya kutokana na mianya iliyoachwa. Kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma walio na kaseti za kromu ambazo hazijafunguliwa, au zilizorekodiwa na bendi za nyumbani kwa mashine za njia nne na sasa zinasikika kinyumenyume zinapogeuzwa, naomba msizitupe. Hizo za pili hasa zinaweza kusomwa zote nne na kurudishwa kwa wenyewe, na nitafurahi kuifanya kazi hiyo.